Ndama wa Msafiri

Shemeji yangu Gindu aliingia uani kwangu bila fimbo, na mimi nikacheka. Nilidhani ni utani wake, maana mwanamume yule hata chooni huenda na fimbo. Kisha akakaa chini, vumbini, pale pale karibu na zizi, akakunja miguu na kunyamaza. Kicheko kikanikauka.

Kwetu hapa bonde la Ng'wambiti, anayekuja kuomba dume huja hivyo. Huja kwa miguu hata kama ana gari, huacha fimbo langoni, hukaa chini, hunywa atakachopewa, ndipo anafungua mdomo. Na akishasema, hanyimwi. Muwe mmegombana, muwe na kesi ya mpaka, dume utampa. Atakaa naye mpaka majike wake wote wapandwe, kisha atakurudishia akiwa amenenepa. Sisi tulizaliwa tukakuta hivyo, na hatujaona sababu ya kubadilisha.

Nikamletea maziwa mgando. Akanywa yote, akafuta midomo kwa kiganja.

"Shemeji, nimekuja kumwomba Msafiri."

"Ebo! Wewe Gindu? Wewe uliyeniita mama wa manyani mbele ya mnada mzima?"

"Ndiye mimi," akasema, na hakuinua macho.

Hapo nikajua mambo yameharibika kweli. Maana Gindu, mdogo wa marehemu mume wangu, ndiye mtu wa mwisho ng'ambo ya mto ambaye angemtaka Msafiri. Serikali iliporudisha msitu mpaka ukingoni ili kuvuta mvua, mvua ilirudi, na mbung'o nao wakarudi nayo. Nagana, ile homa wanayoieneza, ikafyeka ng'ombe. Dawa tulizochoma zilikuwa sawa na maji, kwa kuwa vimelea vilikwisha kuzizoea zote. Ndipo kituo cha utafiti kikatuletea Msafiri, dume aliyetengenezwa maabara, kiinitete chake kikiwa kimetiwa jeni ya nyani. Nyani hushinda porini akiumwa na mbung'o kutwa nzima, na nagana haimpati, kwa sababu damu yake inaua vimelea. Damu ya Msafiri nayo ikawa hivyo. Aliwekwa kwangu, akatembea zizi kwa zizi, jina lake likatokana na safari hizo, na ndama wake wakajaa bondeni, wanene, hawaumwi.

Walioleta Msafiri waliongozwa na Daktari Kwandu, mdogo wangu wa tumbo moja. Mama yetu alipofariki mimi ndiye niliyemlea. Siku dume anashushwa garini nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakatika, nikawaambia watu mnamwona yule, yule nimembeba mgongoni mimi.

Gindu peke yake, na nyumba chache za upande wake, walikataa. Alisema ng'ombe wake wekundu ni wa baba yake na wa babu yake, hawezi kuwachanganya na nyani.

"Wanakufa, shemeji," akasema sasa.

"Wanakufa na nini?"

"Nagana."

"Nagana itoke wapi? Tangu Msafiri aje, nani kaiona nagana hapa?"

"Njoo uone mwenyewe."

Nikamwambia, "Dume unaye," kwa kuwa hilo ndilo jibu, hakuna lingine. "Lakini twende kwanza nikaone."

*

Nilipofika zizini kwake nilitamani nisingekwenda. Ng'ombe walisimama vichwa chini, manyoya yamesimama, machozi yakiwachuruzika, mbavu unaweza kuzihesabu. Mmoja alikuwa ametupa mimba asubuhi ile, na Gindu alikuwa bado hajapata moyo wa kuifukia. Mke wake alinisalimu bila kutoka jikoni.

Nilikuwa na kisomadamu changu mfukoni. Kila mfugaji wa mradi alipewa kimoja, kidogo kama kiberiti. Unatoboa sikio la ng'ombe kwa kijiti, unakichomeka, na simu inakuonyesha kilichomo damuni. Nikamtoboa jike aliyekuwa karibu. Taa ikawa nyekundu hata kabla sijakaa vizuri. Kwenye simu vimelea vilikuwa vinajipindapinda katikati ya chembe za damu, vingi mno.

"Basi ni yenyewe," nikasema.

"Nilikwambia."

"Lakini imetoka wapi, Gindu? Mbung'o hatengenezi kimelea. Anakinyonya kwa mnyama mmoja anakipeleka kwa mwingine. Nyati wote wako ndani ya uzio, huko mbali. Huyu mbung'o wako amekinyonya kwa nani?"

 Akatazama ng'ambo ya mto, na mimi nikageuka kuona anachokitazama. Ndama wangu walikuwa wanakunywa maji. Ngozi zinang'aa, wanarukaruka, heleni za mradi masikioni mwao zinawaka kijani, maana yake hawana homa wala udhaifu wowote.

Jamani, mwili unajua kabla ya akili. Miguu yangu ilikuwa imeshaanza kuelekea mtoni.

Kituoni walikuwa wametufundisha kwamba vijiti ni vya kupima ng'ombe anayeumwa. Mwenye heleni ya kijani msimguse, mtaharibu vijiti bure. Na sisi watu wa kutii tukatii. Miaka yote hiyo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumtoboa ndama mzima. Nilivuka mto, nikamshika ndama wa kwanza, yule mwenye baka jeupe, nikamtoboa. Nyekundu. Nikamshika wa pili, nyekundu. Nikawapima mpaka vijiti vikaisha, na wote walikuwa wanailamba mikono yangu kwa furaha, wakidhani nimewaletea chumvi.

Msafiri mwenyewe nilikuwa nimemwekea kijiti kimoja. Damu yake ilikuwa safi kabisa.

*

Kwandu alinipokea kituoni kwa kunikumbatia. "Dada! Umekujaje bila kupiga simu? Umekula?"

"Sijaja kula." Nikaiweka simu mezani mbele yake, picha ya damu ya ndama ikiwa wazi. "Nisomee hii."

Akaiangalia. Na mimi nilikuwa namwangalia yeye. Nilitegemea ashtuke, aruke, aite wenzake. Hakushtuka. Alikwenda akafunga mlango, akarudi akakaa, akaanza kujikuna kifundo cha mkono wa kushoto. Tangu mtoto, Kwandu akiiba sukari hujikuna pale pale.

"Dada, kaa."

"Nimesimama vizuri."

"Msafiri ana nakala mbili za jeni ya nyani," akaanza taratibu, kwa sauti ile ya kufundishia. "Moja upande wa mama, moja upande wa baba. Zikiwa mbili, damu inaua vimelea vyote. Akimpanda jike wa kawaida, ndama anayezaliwa ni chotara, anapata nakala moja tu. Nakala moja haiui, Dada. Inavizuia tu visizidi. Vinabaki damuni, vichache, na ndama anaishi navyo. Anakula, ananenepa, haumwi."

"Na mbung'o akimuuma?"

Akaigeuza simu kifudifudi mezani.

"Kwandu. Nimekuuliza. Mbung'o akimuuma?"

"Anaondoka navyo."

"Anavipeleka kwa Gindu."

"Anavipeleka kwa ng'ombe yeyote asiye na jeni. Ndiyo."

Haki ya nani, ningeweza kulikubali hilo. Watu hukosea. Daktari naye ni mtu, na mimi ningemshika mkono twende pamoja kwa Gindu tukaombe radhi. Nilikuwa nimeshaanza kumwonea huruma. Nikamuuliza lile ambalo ningemuuliza yeyote.

"Mmeligundua lini?"

"Kwenye panya tuliliona mapema."

"Mapema lini? Kabla Msafiri hajaja au baada?"

"Kabla."

Nikakaa. Kiti nilichokikataa mwanzo nikakikalia mwenyewe.

"Panya si ng'ombe, Dada," akasema haraka haraka. "Tulihitaji kuona kwenye kundi la kweli, kwenye bonde la kweli, jeni inavyotembea na kimelea kinavyofanya. Bila kujua hayo huwezi kutengeneza dume anayerithisha kinga kamili. Na sasa tumejua! Dume mpya yuko njiani, ndama wake wote watakuwa na kinga nzima hata jike akiwa wa kawaida. Unajua ni nchi ngapi zinamsubiri? Watoto wangapi watakunywa maziwa?"

"Kwa nini kwetu?"

"Kulikuwa na mabonde kadhaa ya kuchagua."

"Kwa nini kwetu, Kwandu?"

Mkono ukakunwa mpaka ukawa mwekundu. "Kwingine watu wana uzio, wanakodishana madume kwa mikataba. Jeni ingechukua muda mrefu sana kusambaa. Huku..."

"Huku nini? Sema."

"Huku hamnyimani."

Wee! Kuna maneno yanayokupiga kofi.  Si ujinga wetu uliotufanya tuchaguliwe, wala umaskini wetu. Tulichaguliwa kwa ile roho yetu nzuri. Walikaa mahali fulani, wakaangalia wema wetu, wakasema hii itafaa kubebea ugonjwa.

"Na nani aliwaambia kwamba hatunyimani? Hilo haliko kwenye vitabu."

Jibu nilikuwa nalo mwenyewe.  Alipokuwa mdogo nilikuwa namfunga mgongoni kwa khanga tunakwenda kwa watu kumwombea mama dume, naacha fimbo langoni, nakaa chini naye amelala begani. Yote anayoyajua kuhusu kuomba alijifunzia mgongoni kwangu. Akaenda kuyauza kwa wageni kama faida ya mradi.

"Umenifanya mimi ndio mlango," nikamwambia. "Ulijua nitampa kila mtu. Ulijua nitajivuna, nitapiga vigelegele, nitampeleka Msafiri mpaka kwa wasiomtaka. Mimi, Kwandu! Mimi niliyekutafunia chakula!"

Alilia. Simkatalii, alilia kweli. Kisha, machozi yakiwa bado mashavuni, akaniomba ninyamaze.

"Msimu mmoja tu wa mvua, Dada. Dume mpya akifika, chotara watabadilishwa polepole, hakuna atakayejua. Ukisema sasa, watu watachinja chotara wote. Wako wewe ndio wengi kuliko wa yeyote. Utabaki na nini? Gindu ng'ombe wake wamekwisha tayari, huwezi kuwaokoa."

"Na wale jirani zake?"

"Ni wachache."

Alilisema kwa upole, na kwa upole ule ndipo nilipojua kwamba mtoto niliyemlea sikuwa namjua.

*

Sitawadanganya, njia nzima ya kurudi nilipiga hesabu ya kunyamaza. Ndama wangu wana kosa gani? Hawaumwi. Wanasomesha wajukuu wangu. Na dume mpya huenda akaja kweli, akatuokoa sote, mimi nikiwa nimewachinja bure kwa kiherehere changu. Nilipofika darajani nilikuwa nimekaribia kukubali. Lakini Gindu alikuwa amesimama ng'ambo na kamba mkononi, amekuja kumchukua Msafiri wake.

"Simpi," nikasema.

Alidhani hakusikia vizuri. "Unasema?"

"Msafiri simpi tena, shemeji."

"Unaninyima? Kwa sababu ya maneno ya mnadani? Minza, nimekaa vumbini kwako!"

"Kaa tena, na mimi nitakaa." Tukakaa wote wawili chini, pale pembeni ya daraja, nikamweleza yote, ya nakala mbili na nakala moja, ya panya, ya kuchaguliwa kwetu na sababu yake. Alisikiliza akiikunja kamba na kuikunjua.

"Kwa hiyo ndama wako ndio wanaoniua mimi," akasema mwishoni.

"Ndio."

"Na Kwandu alijua."

"Alijua."

"Utawafanya nini?"

Hilo swali hakuliuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayeuliza mvua itanyesha lini. Nikasikia mdomo wangu unasema nitawachinja, wangu kwanza, na nikashangaa jinsi ilivyokuwa rahisi kutamka.

Mkutano wa joshoni, pale tunapoogeshea ng'ombe, ulikuwa mgumu kuliko hapo. Wengine walinizomea. Lugembe, ambaye zizi lake lote ni chotara, alisimama akasema, "Waliokataa dume walikataa kwa hiari yao. Walituita manyani. Leo sisi tuchinje ng'ombe wazima kwa ajili ya kiburi chao?" Watu wakaguna kumuunga mkono, na mimi moyoni nikaona ana haki kidogo. Nikasema, "Lugembe, jana ilikuwa kiburi chao. Leo tunajua tunachowapelekea. Kuanzia leo mbung'o hana kosa, kosa ni letu." Hatukupiga kura. Wengine waliondoka wakitukana. Lakini asubuhi iliyofuata niliposikia mlio wa mafahali upande wa Lugembe, nilijua naye ameanza kuwatenga wa kuchinja.

*

Kwandu alikuja siku hiyo hiyo, gari lake limejaa masanduku ya barafu na mirija. Nilikuwa nanoa kisu.

"Dada, mmeamua, sawa. Sitabishana. Lakini kabla hamjawachinja, naomba nichukue damu. Ya chotara wote, na ya wale walioambukizwa nao. Bila hiyo, dume mpya hatakamilika. Miaka yote itakuwa kazi bure, na Gindu atakuwa amepata hasara bure."

Nilitamani kumfukuza. Badala yake nikasema, "Si mimi wa kuombwa peke yangu. Wenye ng'ombe wapo. Acha gari, nenda kwa miguu, nyumba kwa nyumba, ukaombe. Unajua kunavyoombwa. Na kabla hujaomba, utawaambia kwa mdomo wako ulichofanya, tangu panya."

Akavua viatu vyake vya maabara, akaenda.

Alianza kwa Gindu. Nilimfuata kwa mbali, sikuweza kujizuia. Alikaa vumbini, mke wa Gindu akamletea maji, akanywa, akaeleza. Sauti yake ilikatika mara nyingi. Alipomaliza, Gindu aligeuka akatazama zizi lake. Ng'ombe wawili tu walikuwa wamebaki wamesimama nyuma yake.

"Chukua," akasema Gindu.

Kwandu akainua uso. "Umesema..."

"Kwangu hajanyimwa mtu, na sitaanza na wewe. Chukua damu uende."

Akampa. Na wengine, walipojua kwamba Gindu ametoa, nao wakatoa, hata Lugembe, ingawa alimsimamisha juani mpaka akaridhika. Nyumba baada ya nyumba niliwaona watu wangu wanamfungulia malango yule yule aliyewauza kwa sababu wanafungua malango. Sikujua kama niwaonee fahari au niwapigie kelele.

Mimi nilikuwa wa mwisho. Aliingia uani kwangu miguu imejaa vumbi mpaka magotini, sanduku begani, na usoni ana nafuu ya mtu aliyesamehewa. Akakaa chini karibu na zizi. Akasema yote upya, mbele ya ndama, bila kuruka hata neno. Kisha akasema:

"Wako ndio wa muhimu zaidi, Dada. Msafiri alianzia kwako. Bila damu ya hawa wa kwanza, ya wengine haitatosha. Naomba."

Najua alichokuwa anaomba. Najua kwamba huko mbali kuna mwanamke kama mimi, simjui jina, ambaye labda ng'ombe wake wangepona kwa damu ya ndama wangu. Nimemfikiria mwanamke huyo kila siku tangu hapo, na sina la kumwambia. Gindu aliweza kutoa kwa sababu kwake Kwandu ni daktari aliyemkosea. Kwangu ni mtoto wangu, na alitegemea nitatoa, kama alivyotegemea siku ya kwanza alipomshusha Msafiri garini. Aliijua roho yangu kuliko mtu yeyote duniani, na ndiyo aliyoitumia.

"Hapana, mdogo wangu," nikasema.

Alibaki ameketi, mdomo wazi, kama asiyeielewa lugha. Nikaokota kisu, nikaingia zizini, nikaanza na yule mwenye baka jeupe. Nilipotoka mikono ikiwa na damu mpaka viwikoni alikuwa bado yupo pale pale, analia bila sauti. Nikanawa, nikaingia jikoni, nikamletea uji, maana tangu asubuhi alikuwa hajala kitu.